Sauti Yangu Ukutani

Mimi, Projestus Rutashoborwa, sijawahi kukosea udongo. Nyumba mia mbili na kumi na nne za kijiji cha Rwabigaga nimezisikiliza mwenyewe, moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja niliyoiandikia namba ya uongo. Daktari hukosea. Padri hukosea. Hata kuku, mwenye kazi moja tu duniani, hutaga kwenye kiatu cha mgeni. Lakini mimi na ardhi tunaelewana.

Maneno hayo niliyasema kwenye kipaza sauti, uwanja wa shule ya msingi, siku tuliyowashinda wenzetu wa kijiji cha Kashenge. Vigelegele vilipigwa. Editha wa Ta Respisi, aliyesoma nami mpaka kidato cha nne na hakuwahi kuniacha nipumue, alikuwa mstari wa mbele, miguu ameinyoosha kama mwenye uwanja.

"Proje!" akapaza sauti. "Ardhi yenyewe imekubali, au umeisemea?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, tena kuwazidi. Mshereheshaji asiyejua kucheka akichekwa hana kazi.

Tulikuwa tumewashinda Kashenge kwa vibao. Kila nyumba ilikuwa na kibao mlangoni, ama cheupe ama chekundu, na ndani yake kisanduku cha ukutani, ukubwa wa mche wa sabuni. Ofisi ya Mitikisiko ilikuwa imetandaza vinasa chini ya ziwa. Ardhi ikikatika huko, habari zilitangulia kufika kwetu kabla ya mtikisiko wenyewe. Sekunde tisa. Ndani ya sekunde hizo kisanduku kiliwaambia wenye nyumba jambo moja tu. Kibao cheupe: kaa ndani. Kibao chekundu: toka.

Wazee waliuliza kwa nini nyumba zote zisiseme toka, tukamaliza maneno. Ndipo nilipopanda juu ya dawati, mkononi bakuli la uji uliolala ukaganda.

"Tazameni." Nikalitikisa. Bakuli likaenda kidogo tu. Uji ukacheza peke yake, huku na huku, kama bibi harusi anayejua kwamba anatazamwa. "Mkono ni mmoja, tetemeko ni moja. Lakini uji unalizidisha. Nyumba ya mwambani imekaa kwenye bakuli: haianguki, ila ukitoka mbio tofali la juu ya mlango linakusubiri utosini. Nyumba ya udongo laini imekaa kwenye uji. Hiyo inakwenda chini. Ukibaki ndani, kwaheri."

"Na mtu anajuaje kama yuko kwenye bakuli au kwenye uji?" Aliyeuliza ni Ta Sweetbert, mzee wetu wa kuuliza maswali, kila kijiji kina wake.

Nikainua sikio. Ndivyo tulivyokiita chombo chenyewe: chuma cha urefu wa mkono, ncha kali, kichwa kama upawa. Unafukua nyasi, unalididimiza ardhini mpaka kichwani, unanyamaza nusu saa. Ardhi hainyamazi. Mawimbi ya ziwa yanaigusa, lori linaigusa, migomba ikiyumba inaivuta kwa mizizi. Sikio husikiliza mnong'ono huo na kutoa namba. Moja ni mwamba. Nne ni uji.

Kisha lilikuja suala la sauti. Mwanzoni Ofisi ilituletea dada wa mjini, Kiswahili chake kimepigwa pasi. "Ndugu mwananchi, tafadhali..." Siku ya jaribio sekunde tisa zote ziliisha watu wakiulizana huyu ni binti wa nani na anatujuaje. Ofisi ikasema basi, chagueni mtu mnayemtii bila kufikiri. Wakanichagua mimi. Miaka mitatu nilikuwa nimewaambia kwenye harusi zao simameni, wakasimama, kaeni, wakakaa, shangazi ameleta nini, wakatazama.

Nilirekodi maneno mawili tu. La vibao vyekundu: "Toka! Acha sufuria, ndizi hazina roho, toka!" La vibao vyeupe nililifikiria siku nzima. Nilimfikiria mtu aliyeshtuka, mkono tayari uko kwenye komeo la mlango, mguu mmoja hewani. Utamrudishaje mtu huyo? Nikasema vile bibi yangu alivyokuwa akinisema nikitoroka kwenda kuogelea: "Unakwenda wapi wewe? Rudi! Ingia chini ya meza!"

Fundi wa Ofisi alicheka mpaka akavua miwani. Akasema hilo litafanya kazi.

Lilifanya.

*

Nyumba ya mia mbili na kumi na nne ilikuwa ya Ta Respisi, baba yake Editha. Aliijenga kwa mikono yake, kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe, chini kabisa ya kibanja chake, shamba la urithi, pale migomba inapoishia na mafunjo ya bondeni kuanza. Juu yake, hatua kama sitini hivi, kuna nyumba ya mdogo wake Ta Novati, imekaa juu ya jiwe waziwazi, hata kuku wa pale wana makucha mafupi kwa kuparura mwamba. Ya Ta Novati niliisikiliza Jumatano asubuhi. Moja nukta moja. Ya Ta Respisi nikaiwekea Alhamisi, iwe ya mwisho kwa heshima, maana mzee alikuwa ameahidi kunichinjia.

Jumatano jioni Ta Respisi akafa. Alikaa kunywa maji, akaweka kikombe chini, basi.

Tulimzika Alhamisi. Kwetu, jembe la kaburi likishatoka ardhini, hakuna chuma kingine kinachoingia katika kibanja hicho kwa siku nne. Jembe haliingii, mtaimbo hauingii, hata mbuzi hafungwi kwenye kigingi cha chuma. Wanasema marehemu bado anajipanga huko chini, usimchome.

Na orodha ya Ofisi ilikuwa inafungwa Ijumaa saa kumi jioni.

Ijumaa asubuhi nikateremka, sikio begani. Ukoo wetu na ukoo wa Ta Respisi ni watani tangu mababu, na mtani msibani ana ruhusa ambayo hata padri hana. Nikaingia nikilia kwa sauti ya juu: "Respisi! Umekimbia kabla sijakupima! Uliogopa namba yako itatangazwa!" Waombolezaji wakacheka huku wanafuta machozi. Ndiyo kazi ya mtani. Msiba bila mtani ni mzito mno kubebwa. Hata Ma Jovita, mjane mwenyewe, alitabasamu kidogo. Alikuwa amekaa nje kwenye nyasi walizomtandikia, mgongo ameuegemeza ukuta wa upande wa kaburi, kitenge mabegani.

Editha akaniletea kahawa. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Mtani, kunywa uondoke. Umetuchosha."

"Nikiondoka mtalia."

"Tuache tulie basi. Ni baba yetu, si wako."

Nikamvuta Ta Novati pembeni, nikamwonyesha sikio. Nusu saa tu, mzee, nikamwambia, na kelele halina. Alikitazama kile chuma, akanitazama mimi.

"Proje. Utani una mpaka wake. Siku nne."

Sasa hapa ndipo penyewe, na nikipita haraka mtanijua. Nyumba isiyo na namba Ofisi iliipa kibao chekundu. Kama hujui, toka: ndiyo ilikuwa kanuni. Niliijua. Ilikuwa kwenye mtihani wetu wa usikilizaji na niliipata. Ningeiacha nyumba ya Ta Respisi tupu, ingesema toka, na mimi ningerudi raundi nyingine baada ya msiba kuipima taratibu.

Lakini Kashenge walikuwa wamemaliza na mapengo mawili. Mia moja tisini na nane kati ya mia mbili. Mimi nilitaka mia mbili na kumi na nne kati ya mia mbili na kumi na nne. Nilikuwa nimeshaitunga hata hotuba.

Nikapanda mpaka kwa Ta Novati, nikakaa kwenye jiwe lake. Chini ya migomba chombo hakijui vizuri kiko wapi, hukisia tu, tofauti ya hatua mia hivi, kwa hiyo jina la nyumba huandikwa na msikilizaji. Na kinachokwenda Ofisini ni namba, si mnong'ono. Nikaandika: nyumba 214. Moja nukta moja. Nikatazama, nikafuta, nikaandika moja nukta mbili, ili zisifanane sana. Mjinga hafanyi hivyo. Aliyefanya hivyo alikuwa na akili zake zote.

Hatua sitini, nilijiambia. Kibanja kimoja, babu mmoja, migomba ileile. Udongo utabadilika nini ndani ya hatua sitini?

Juma lililofuata kibao cheupe kikapigwa misumari kwenye mlango wa Ma Jovita. Hakuna aliyeuliza. Kibao kikishatoka Ofisini kina muhuri, na muhuri kwetu hauulizwi.

*

Ilikuwa Jumanne, miezi mitano baadaye, saa nne asubuhi, kahawa imeiva. Nilikuwa juu shuleni nikifuta vumbi kwenye kisanduku cha darasa la tano, nikajisikia.

Hujawahi kujisikia mwenyewe kutoka nyumba mia mbili kwa mara moja. Mlima mzima ulikuwa mimi. Huku, "Toka! Acha sufuria!" Kule, "Unakwenda wapi wewe? Rudi!" Mmoja wangu alianza, mwingine akamdakia, wengine wakachelewa kidogo. Sitaficha: nilicheka. Sekunde za kwanza, kabla ardhi haijafika, mimi nilikuwa nacheka kwa jinsi nilivyokuwa mwingi.

Kisha ikafika. Pale shuleni ni mwamba. Ilikuwa kama lori kubwa limesimama ghafla karibu na wewe. Chaki zikabingirika, dirisha likalia. Watoto walikuwa wote chini ya madawati, wameshika miguu ya madawati kama nilivyowafundisha, na hakuna aliyepata hata mkwaruzo. Nikatoka mlangoni nikatazama chini.

Huko bondeni lilikuwa tetemeko jingine. Kwetu lilikuwa limeshapita, lakini migomba ya chini ilikuwa bado inakwenda na kurudi, taratibu, pamoja, kama watu wanaocheza ngoma moja. Ule ulikuwa uji. Nilisimama nikauona kwa macho yangu, mimi niliyeutikisa kwenye bakuli. Halafu pale migomba inapoishia vumbi jekundu likapanda, jembamba, limenyooka.

Nilikimbia. Sikumbuki njia.

Ma Jovita alikuwa nje kwenye mkeka wa kahawa, amesimama, viganja vyote viwili vimejaa buni mbichi, hajaziachia. Hakuwa analia. Alikuwa akimweleza Ta Novati, kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia.

"Alishafika mlangoni. Mguu mmoja ulikuwa nje. Alinitazama. Proje akasema rudi. Akarudi."

"Ma," nikasema.

Aligeuka akanitazama, kisha akamgeukia tena Ta Novati. "Mguu mmoja ulikuwa nje," akarudia.

Tuliondoa matofali kwa mikono. Yalikuwa matofali mazuri, mazima mengi, unayatoa moja moja unayapanga pembeni kama mtu anayejiandaa kujenga. Wanaume tuliokuwa pale tulikuwa wanane, tukayapanga mpaka tukafika kwenye meza. Ilikuwa meza ya mninga, ya harusi ya Ma Jovita. Miguu mitatu ilikuwa imevunjika. Wa nne Editha alikuwa ameushika kwa mikono yote miwili, kichwa ameinamisha, magoti ameyakunja.

Alifanya kila kitu nilichosema.

*

Siku ya pili ya msiba watu walinisubiri. Nilikuwa nimekaa nyuma, kwenye migomba, na nikaona wanageuka wananitafuta, maana uzito ulikuwa umewashinda na mtani hajafungua mdomo. Hatimaye shangazi mmoja wa Editha akaita: "Proje! Leo umemezwa na nani? Amka basi, hata yeye angekushangaa."

Nikasimama. Nilikuwa sijalala tangu Jumanne. Nilikuwa nimeamua, nakuapia nilikuwa nimeamua. Nikaenda mpaka karibu na nyasi alipokaa Ma Jovita, nikasema kwa sauti, wote wasikie:

"Mimi ndiye niliyemuua Editha."

Kisha yule shangazi akacheka, cheko la kilio, akapiga mapaja. "Haya, mtani huyo! Alimuua kwa maneno yake, miaka yote hiyo wanapigana!" Na wengine wakafuata. "Mkamateni!" "Alipe mbuzi!" "Muuaji mwenyewe hata kuku hawezi kumchinja!" Wakacheka na kulia pamoja, na nikaona mabega yao yanashuka, wanapumua. Nilikuwa nimewapa walichokihitaji.

Ningeweza kusema, jamani, sitanii. Maneno mawili tu. Yalikuwa mdomoni. Badala yake nikafanya uso wa mtu aliyekamatwa, nikainua mikono juu, wakacheka zaidi. Nikarudi kwenye migomba nikakaa.

Sikumtazama Ma Jovita.

Na bado kulikuwa na nyumba saba. Hizo zilijengwa kandokando ya bonde baada ya orodha kufungwa, na Ofisi, kwa kuwa haikuwa na namba zake, ilizirithisha namba ya jirani wa karibu. Jirani wa karibu ni nyumba 214. Moja nukta mbili. Vibao vyeupe, vyote saba. Siku ile wenyewe walikuwa shambani wanachuma kahawa, na kuta zilipasuka bila kuanguka. Na ardhi ikishatikisika hivyo huwa haijamaliza. Wadogo wa tetemeko hufuata, leo, kesho, mwezi ujao.

Nikaanza na Ta Sweetbert, yule wa maswali, ambaye alikuwa amehamia huko miezi miwili tu iliyopita. Nilimkuta anakandika udongo kwenye ufa wa ukuta. Ufa ulipitisha kiganja.

"Ta, ikisema tena kaa, wewe toka."

"Nani aseme?"

"Mimi. Ile sauti."

Akaacha kukandika. "Wewe unaniambia nisikusikilize wewe."

"Ndiyo, Ta."

"Na sasa ninayemsikiliza ni nani?" Akacheka, jino moja mbele. "Projestus, mjukuu wangu. Wewe wa mdomoni tunakujua. Uliwahi kunitangazia harusini kwamba nimezaa mapacha. Wewe wa ukutani ana muhuri wa Ofisi. Huyo ndiye tunayemwamini."

"Ta, sitanii."

"Hata siku ya mapacha ulisema hivyohivyo."

Nilikwenda nyumba zote saba. Kwa mbili walinipa ndizi. Kwa moja mama mwenye nyumba alinishika mkono, akaniambia nisijilaumu, Mungu ndiye mpangaji, sauti yangu imeokoa watoto wote wa shule. Hakuna aliyeahidi kutoka.

*

Siku ya tatu Ofisi ikamtuma Mhandisi Kibacha, mama wa Kitanga mwenye viatu vya mpira na upole wa muuguzi. Alizunguka kifusi cha nyumba mara mbili. Alipiga tofali kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Kisha akaomba tukae, palepale mbele ya msiba: Ta Novati, Ta Sweetbert, wazee wengine wawili, mimi. Ma Jovita alikuwa kwenye nyasi zake pembeni, na Mhandisi akageuza kiti ili amwelekee.

"Mama, pole sana. Nitasema polepole," akaanza. "Kila udongo una mwendo wake wa kuyumba. Kila nyumba ina mwendo wake pia. Mbaya ni pale miendo hiyo inapokubaliana. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea kila anaporudi, anazidi kupanda. Ndivyo nyumba zinavyoanguka. Lakini hapa," akagusa kioo cha kishikwambi chake, "kwa kumbukumbu zetu, hapa ni mwamba. Moja nukta mbili. Kwa ardhi hii, nyumba ya tofali la kuchoma ilitakiwa kusimama. Hiyo ya juu imesimama, na hata plasta haijabanduka."

"Sasa?" akauliza Ta Sweetbert.

Mhandisi alitazama viatu vyake. "Sasa inabaki nyumba yenyewe. Ujenzi. Nitalazimika kuandika kwamba ujenzi ulikuwa na kasoro."

Ta Novati aligeuza uso upande wa makaburi. Kwa sababu aliyejenga alikuwa amelala hatua kumi kutoka pale, chini ya saruji ambayo haijapata hata miezi sita, na binti yake pembeni yake chini ya udongo mbichi. Mhandisi wa watu hakujua. Alikuwa amesema tu mbele ya mjane kwamba mume wake alimuua mtoto wao kwa matofali mabaya.

Ma Jovita alishusha kitenge kutoka mabegani, akakikunja, akakiweka magotini. "Respisi alichoma tofali siku kumi na moja," akasema. "Mafundi wengine huchoma sita."

"Naamini, mama. Lakini kumbukumbu..." Akanigeukia mimi. "Wewe ndiye msikilizaji wa hapa. Sikio ulilichomeka wapi?"

Hapo palikuwa na mlango, uko wazi kabisa. Mguu mmoja ulikuwa nje. Nikanyoosha mkono, nikaonyesha upande wa kaburi, chini ya pale ulipokuwa ukuta.

"Pale," nikasema. "Mita moja hivi kutoka ukutani. Kama kanuni inavyosema."

"Nusu saa kamili?"

"Kamili."

Akaandika. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu makini, akasema, "Hata hivyo ningependa turudie kipimo leo. Kwa ajili ya hizo nyumba saba za chini."

"Haiwezekani," Ta Novati akasema upesi. "Tuko msibani. Chuma hakiingii ardhini mpaka siku nne ziishe."

Nami, Mungu anisamehe, nikaona kivuli na nikakimbilia humo. "Mila ni mila, Mhandisi," nikasema, kwa sauti yangu nzuri ya harusini. "Sisi huku hatukimbizani na wafu. Utarudi wiki ijayo."

Ma Jovita akainuka.

Ilimchukua muda, magoti yake yanamsumbua. Alipita katikati yetu mpaka pale nilipokuwa nimeonyesha, akasimama juu yake. Sauti yake ilikuwa ileile ya siku ya vumbi, ya mtu anayeelekeza njia.

"Hapa nilikuwa nimekaa mimi."

Mhandisi akainua uso.

"Msiba wa baba yake. Siku zote nne nilikaa hapa, kwenye nyasi, mgongo ukutani. Siku ya pili alikuja na chuma chake begani. Novati akamkatalia. Nikamwona anapanda na chuma chake, ncha inang'aa, haina hata punje ya udongo." Alinitazama sasa. "Nikasema moyoni, mtoto huyu ni mtani lakini ana adabu. Amemheshimu Respisi. Kibao kilipokuja nikajua ulirudi baadaye, siku nimekwenda kanisani, ukafanya kazi yako. Mpaka leo nilijua hivyo."

Nikafungua mdomo. Nimeishi kwa mdomo huu tangu nina miaka kumi na sita, na haujawahi kukosa neno.

Ta Novati alikuwa anaanza kuelewa. Niliona inampanda usoni taratibu. "Jovita, siku nne hazijaisha..."

"Msiba huu ni wangu," akasema. "Mwenye mtoto ni mimi. Nyumba saba zina watoto." Akapiga magoti pale pale kwa shida, akaanza kufukua nyasi kwa mikono, akizisogeza upande huu na upande huu, mpaka udongo mweusi wa bondeni ukaonekana, laini, unang'aa kwa maji. Akapangusa viganja kwenye gauni.

"Chomeka," akaniambia. "Mbele yangu."

Nikachukua sikio kwenye begi la Mhandisi. Liliingia lenyewe. Sikulisukuma, liliingia kama kijiko kwenye uji. Tukanyamaza nusu saa, wote, na mwisho wake Mhandisi Kibacha akainama kusoma. Nne nukta saba. Hakuitamka. Alimgeuzia Ta Sweetbert kioo, mzee akaisoma mwenyewe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuuliza kitu. Alisimama akashika njia ya nyumbani kwake, anakimbia, kwa umri ule.

Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, mkono juu ya chuma. Ma Jovita naye hakuwa ameinuka. Tulikuwa uso kwa uso.

"Jana," akasema taratibu, "uliposimama ukasema wewe ndiye uliyemuua, wote walicheka."

"Ndiyo, Ma."

"Mimi nilikuwa nangoja umalize."